Robert Koch: Mshindi wa Nobel aliyezidisha dozi Ziwa Victoria

Hebu niambie ukweli. Umewahi kumeza tembe mbili badala ya moja kwa sababu ulikuwa na haraka ya kupona? Usinidanganye, sote tumefanya. Hapa Eldoret ukisimama kwenye kemisti yoyote jioni, watu wakitoka kazini, hutakosa mteja anayeomba ile kali, ile ya kumaliza mambo. Dawa inafanya nini ikishaingia mwilini, hiyo hatuulizi. Tunataka tu kujua kama ni kali.

Leo nakuletea mtu aliyefikiri hivyo hivyo, tena si mbali sana na hapa. Ukivuka Malaba ukaendelea hadi Entebbe, halafu ukapanda feri, utafika alikofanyia. Wala hakuwa mjinga. Alikuja huko akiwa na tuzo ya Nobel. Jina lake ni Robert Koch, na ukienda hospitalini na kikohozi cha wiki mbili wakakuambia uteme makohozi kwenye kopo, kile wanachokitafuta humo ni kitu alichokigundua yeye.

Kabla hatujaenda mbali, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo usinichukulie kama daktari. Ninachojua kuhusu dawa nimekipata kwa dadangu mkubwa. Yeye ni muuguzi, na sasa anasomea ile ngazi ya juu ambapo muuguzi anafundishwa kumpima mgonjwa na kuamua dawa mwenyewe. Usiku ananisomea madaftari yake ya famakolojia kana kwamba mimi ndiye mtahini. Wiki aliyofika sura ya dozi na madhara yake, mimi nilikuwa nasoma maisha ya Koch. Mambo yakaingiana.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi nchini Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu 1866, akaoa mwaka uliofuata. Baada ya kutumika kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, alipewa kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo uitwao Wollstein, ambao siku hizi uko Poland. Fikiria daktari wa kaunti ndogo huko mashinani, asiye na maabara wala profesa wa kumuuliza. Mkewe, Emmy, ndiye aliyemsaidia kupata hadubini.

Wakati huo kimeta kilikuwa kinamaliza kondoo na ng'ombe wa wakulima. Koch akaanza kuchunguza damu ya mifugo nyumbani kwake, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Aliwachoma panya kwa vijiti vya mbao vilivyochovywa damu, na akakuza vijidudu vile ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe, maana hakuwa na kitu kingine cha kukuzia. Mwaka wa 1876 akaonyesha maprofesa mzunguko mzima wa maisha ya kijidudu cha kimeta. Baada ya hapo Berlin ikamwita.

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya madaktari wenzake jijini Berlin, akatangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Wakati huo TB ilikuwa inaua Ulaya kuliko unavyoweza kufikiria. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba kila watu saba wanaokufa, mmoja ni wa TB. Ndiyo maana hadi leo Siku ya TB Duniani ni Machi 24. Mwaka uliofuata akaenda Misri, kisha Calcutta kule India, kukiwinda kijidudu cha kipindupindu, na akakipata. Kufikia hapo jamaa alikuwa staa kabisa.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtu akishazoea kushinda, kila mtu anamngoja ashinde tena. Mwaka wa 1890, kwenye kongamano la kimataifa la udaktari Berlin, Koch alidokeza kwamba ana dawa ya TB. Alikuwa ameijaribu kwenye mwili wake mwenyewe, akapata homa kali na kutetemeka. Aliijaribu pia kwa Hedwig, msichana ambaye baadaye alikuja kumwoa baada ya kumtaliki Emmy mwaka wa 1893. Dawa hiyo iliitwa tuberkulini, na viungo vyake alivificha. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa treni kutoka kila pembe ya Ulaya. Hata Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes ambaye pia alikuwa daktari, alifunga safari kwenda kujionea, akarudi na mashaka.

Mashaka yalikuwa ya haki. Dawa haikuponya. Wengine waliochomwa walizidiwa, wengine wakafa, na walipopasuliwa ilionekana ugonjwa ulikuwa umechochewa badala ya kuzimwa. Siri ilipotoka mwaka uliofuata, kumbe tuberkulini ilikuwa mchuzi wa vijidudu vyenyewe vilivyouawa, uliotolewa kwa gliserini. Lakini haikupotea bure. Baadaye watu waligundua kwamba kiasi kidogo sana ndani ya ngozi kinamfanya aliyewahi kuambukizwa TB avimbe mahali pale. Kipimo hicho cha ngozi bado kipo hospitalini. Kitu kile kile kilichowalaza watu kwa dozi moja, kwa dozi nyingine kimekuwa kipimo tu cha mkononi.

Dadangu anasema huo ndio ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Kila dawa ina ngazi. Chini kabisa haifanyi chochote, unameza maji tu. Ukipanda kidogo inafanya kazi. Ukizidi kupanda inaanza kuumiza. Nafasi iliyopo kati ya kuponya na kuumiza ndiyo muuguzi anayotakiwa kuijua kwa kila dawa aliyoishika, kwa sababu haifanani. Chukua parasetamoli: mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka gramu nne kwa siku, yaani tembe nane za miligramu 500. Ukizidisha mara mbili au tatu, ini linaanza kufa polepole, na siku ya kwanza unaweza kujisikia poa tu. Tena imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua, kwa hivyo unaweza kuzidisha bila kujua. Na hiyo ni dawa tunayoichukulia kama peremende. Ziko nyingine ambazo nafasi yake ni nyembamba kama ukingo wa barabara.

Turudi kwa Koch, maana sasa anakuja upande wetu. Mwaka wa 1897 alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani, akachunguza malaria Dar es Salaam. Huko alikutana na homa ile ya kutisha ambapo mkojo wa mgonjwa unakuwa mweusi. Wazungu wengi walikufa nayo. Koch akasema jambo lililowaudhi wenzake: kwamba si malaria inayowafanya hivyo, ni kwinini wanayoimeza. Leo tunajua hadithi ni ndefu kuliko hiyo, malaria yenyewe ina mkono wake, ingawa matumizi ya kwinini ya leo nameza kesho naacha yalihusika pia. Ninachotaka ukishike ni kwamba mtu huyu alijua vizuri kwamba dawa inaweza kuwa ndiyo ugonjwa. Alikuwa amelisema kwa mdomo wake mwenyewe, miaka minane kabla ya Sese.

Kama kwenu mnafuga, kuna kingine cha Koch unachokijua. Ndigana kali, ile homa ya kupe inayotufagilia ndama huku Uasin Gishu, aliichunguza Bulawayo mwaka 1903 na 1904. Ndiye aliyeiita homa ya pwani, kwa sababu aliwahi kuiona kwa ng'ombe wa pwani ya kwetu. Nobel akaipata 1905, kwa kazi ya TB.

Mwaka wa 1906 akaja tena, safari hii kwa malale.

Malale unayasikia kama hadithi ya shule ya msingi, mbung'o na usingizi. Kando ya Ziwa Victoria haikuwa hadithi. Tangu mwanzo wa karne ile, ugonjwa ulikuwa umeua zaidi ya watu laki mbili upande wa Busoga na Buganda. Vijiji vilibaki mahame. Aliyeanza kusinzia wakati wa kula, kila mtu alijua amekwisha, kwa sababu hakuna aliyepona. Liweke hilo akilini tunapoendelea, ili usimhukumu mtu haraka kama mimi nilivyofanya mara ya kwanza.

Koch aliweka kambi Bugala, kisiwa kikubwa kati ya visiwa vya Sese, kwenye eneo la Waingereza, kwa ruhusa yao. Alikaa huko hadi Oktoba 1907. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Walikuja wachache, kisha mamia. Dawa aliyokuja nayo iliitwa Atoxyl. Ndani yake kulikuwa na aseniki, ile sumu ya kuulia panya, lakini imefungwa ndani ya kemikali nyingine hivi kwamba haikuwa kali kama aseniki tupu. Ndiyo maana waliotengeneza wakaipa jina hilo: maana yake ni isiyo na sumu. Nilicheka niliposoma, halafu nikaacha.

Mwanzoni aliwachoma wagonjwa nusu gramu, siku mbili mfululizo, kisha akangoja karibu siku kumi kabla ya kurudia. Na ilifanya kazi! Alichota majimaji kwenye tezi za shingo kwa sindano, akaangalia kwa hadubini, na baada ya saa chache vile vimelea havikuonekana tena. Watu waliobebwa walisimama. Koch aliandika nyumbani kwamba dawa hii kwa malale ni kama kwinini kwa malaria.

Lakini vimelea vilirudi. Sababu yake dadangu alinichorea kwenye karatasi ya chapati. Dawa ikiingia mwilini inasafiri: inaingia kwenye damu, inasambazwa, ini linaifanyia kazi, figo zinaitoa. Haifiki kila mahali sawasawa. Ubongo una ukuta wake, na dawa nyingi zinabishwa mlangoni. Malale yakikomaa, vimelea vinahamia ndani ya huo ukuta. Kwa hivyo unaweza kuona damu safi, tezi safi, ukafurahi, kumbe mwenye nyumba amejificha chumbani. Ukiacha dawa, anatoka.

Koch hakuwa na picha hiyo. Alichokiona ni dawa iliyofanya kazi nusu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungefanya tunachofanya kwenye kemisti. Akapandisha dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima.

Angalia kosa lilipo. Ukizidisha dozi mara mbili, kupona hakuzidi mara mbili. Kwa dawa nyingi, faida inafika mahali inalala kama tambarare, lakini madhara hayajui tambarare, yanaendelea kupanda mlima. Halafu kuna suala la muda. Mwili unahitaji siku zake kutoa kilichoingia. Ukileta nyingine kabla ya ile ya kwanza kutoka, zinapandana, na unachopewa leo kinajumlishwa na mabaki ya wiki iliyopita.

Wagonjwa walianza kulalamika kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo la kusokota. Wengine walitoroka kambi. Halafu macho yakaanza kuzima. Aseniki ile ilikuwa inaua mshipa unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haufufuki. Koch alipotambua, akarudisha dozi ya zamani. Kufikia hapo watu 22 walikuwa wamepofuka, moja kwa moja.

Fikiria mvuvi wa Sese. Amekuja na malale, ameambiwa na mkalimani kwamba mzungu ana dawa, na anarudi kwao hajui kama amepona, lakini ziwa halioni tena. Je, aliambiwa kwamba dozi imeongezwa ili waone itakuwaje? Mwaka wa 1900 serikali ya Prussia, kule kwao Koch, ilikuwa imetoa agizo kwamba majaribio yasiyo ya tiba yasifanyiwe mgonjwa bila kuelezwa na kukubali. Koch angesema haya yalikuwa tiba. Labda. Ila mimi naona dozi ile hangeipandisha hivyo kwenye wadi ya Berlin, mbele ya ndugu wa mgonjwa na waandishi wa magazeti. Bugala hakukuwa na gazeti.

Kinachonikera zaidi ni kitu kidogo. Mgonjwa anayepofuka na dawa ya aina hii hazimiki kama balbu. Mara nyingi kunaanza ukungu, rangi zinafifia, anajikwaa. Aliye karibu naye akimuuliza kila siku unaonaje leo, anaweza kusimamisha sindano mapema. Koch alikuwa na hadubini na aliitazama tezi za wagonjwa wake. Dawa ilipimwa kwa vimelea vilivyopotea. Ilitakiwa ipimwe pia kwa mwenye mwili.

Aliporudi Ujerumani mwishoni mwa 1907 alipokewa kwa heshima kubwa. Alishauri wagonjwa wakusanywe kambini watengwe, na upande wa Wajerumani kambi kama hizo zilifunguliwa kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, Atoxyl ikiendelea kutumika. Alishauri pia mamba wauawe, akiamini mbung'o wanaishi kwa damu yao. Mwaka huo huo, msaidizi wake wa zamani Paul Ehrlich alikuwa anaifumua Atoxyl kemikali kwa kemikali, akitafuta namna ya kuifanya imuue mdudu imwache mtu. Kutoka hapo ikazaliwa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoingia sokoni 1910. Kwa malale, aseniki haikuondoka upesi. Mwaka 1949 ilikuja melasoprolo, inayovuka ule ukuta wa ubongo lakini inamuua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20, na iliendelea kutumika hadi karne hii. Tembe salama zaidi za kumeza, feksinidazoli, zilipata idhini 2018. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma hapa Kenya.

Koch mwenyewe moyo ulimsimama tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi yenye jina lake Berlin. Ni mwaka ule ule posta ilifunguliwa hapa kwetu, wakati mji wote ulikuwa shamba nambari 64.

Sasa nikuambie kwa nini nimekaa na mzee huyu wiki nzima. Nina rafiki, tuliishi chumba kimoja nikiwa bado chuoni. Mwaka jana alipatikana na TB. Akaanza dawa za miezi sita: miezi miwili ya kwanza dawa nne, kisha mbili. Walimwambia mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asishtuke, ni rifampisini. Walimuuliza kama mpenzi wake anatumia tembe za kupanga uzazi, kwa sababu kwa anayemeza rifampisini ini linafanya kazi kwa kasi hadi tembe hizo zinakosa nguvu. Alisema mpenzi hamezi dawa za TB, yeye ndiye anameza, na nasi akacheka akasema sawa basi, niliuliza tu.

Kati ya zile nne kuna moja inaitwa ethambutoli. Inasaidia sana, ila ikizidi kwa uzito wa mtu, au figo zikiwa dhaifu, inashika mshipa ule ule wa jicho. Tofauti na Atoxyl, ukiwahi kuiacha, mara nyingi macho yanarudi. Ndiyo maana nasi wa kliniki ya TB anakupima uzito kila ukienda, anakusomesha herufi ukutani na kukuuliza kuhusu rangi. Wengi wetu tunajibu niko sawa, tutoke haraka.

Wiki ya saba tulikuwa tunaangalia mpira kwangu. Arsenal wamevaa nyekundu. Jamaa akaniambia TV yangu imeharibika, ati wachezaji wanapotelea kwenye nyasi. TV haikuwa na shida. Nilimpigia dadangu simu papo hapo, akaniuliza swali moja tu, kama jamaa yuko kwenye dawa za TB. Kisha akasema asubuhi na mapema aende kliniki, asiache dawa zote peke yake, na asingoje siku ya miadi.

Alienda. Nasi alimkalisha mbele ya ukuta, akafunika jicho moja baada ya jingine, akaiondoa ile moja siku hiyo hiyo baada ya kuongea na daktari, zingine zikaendelea. Ilichukua miezi miwili na zaidi nyekundu kurudi kuwa nyekundu. Dawa alimaliza Januari. Bado anadai TV yangu ni mbaya.